Nilisomea kufunga migodi: mambo ambayo mhandisi kijana ayajue mapema

Nilipohitimu uhandisi wa migodi nilijua kupanga ulipuaji, kuhesabu tani za mawe zitakazobebwa kwa zamu, na kuchora ngazi za shimo la wazi hadi mita ya mwisho yenye dhahabu. Baada ya mita hiyo ya mwisho daftari langu lilikuwa tupu. Ufungaji wa mgodi tulifundishwa mwishoni mwa muhula, harakaharaka, na mtihani haukuugusa. Wahandisi wengi wa rika langu niliowauliza baadaye, wa hapa nchini na wa nje, walisomeshwa vivyo hivyo: kufungua, kuchimba, kuchenjua, basi.

Kazi yangu ya kwanza ilinipeleka Kanda ya Ziwa, kwenye mgodi ambao mashapo yake yalikuwa yanakaribia kwisha. Nikapangiwa kusaidia kupitia upya mpango wa ufungaji. Sheria ya Madini, Sura ya 123, pamoja na kanuni zake, inamtaka mmiliki wa mgodi mkubwa awe na mpango huo na aweke dhamana ya fedha za ukarabati wa mazingira, ili akiondoka asiiachie Serikali mzigo. Kwenye jedwali la gharama kulikuwa na mstari wa kufuatilia maji baada ya mgodi kufungwa, na pembeni yake pa kujaza idadi ya miaka. Nikamuuliza mkubwa wangu wa kazi niandike mingapi. "Weka mitano, binti yangu," akasema, "wote huweka mitano." Hakuna aliyeweza kunieleza mitano hiyo ilitokana na hesabu gani. Nilizunguka na swali hilo ofisi baada ya ofisi, na ndilo lililonifanya nitafute shule ya kwenda kuusomea mgodi uliofungwa.

Nilipata nafasi Freiberg, mji mdogo wa jimbo la Saxony, mashariki mwa Ujerumani. Chuo kikuu chake cha madini kilianzishwa mwaka 1765 na kina shahada ya uzamili ya Kiingereza inayohusu uchimbaji endelevu na ukarabati wa maeneo yaliyochimbwa. Nisimulie kwanza habari ya pesa, kwa sababu wengi wanaoniandikia huanzia hapo.

Ili upate viza ya masomo lazima uthibitishe kwamba utajimudu, na njia ya kawaida ni akaunti maalumu unayoijaza kabla ya kuondoka, kisha unaruhusiwa kuchota kiasi fulani kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni yuro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Fedha hizo si ada. Ni zako na zinakurudia kidogo kidogo, ila lazima ziwepo zote siku moja. Kwetu kikao cha ukoo kilikaa, michango ikapita, na kaka yangu akauza kiwanja chake cha Usagara. Nilikwenda na deni hilo moyoni na kila nilipofeli zoezi nililiona lile eneo na mipapai yake. Kwa hiyo nasema: omba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi wa kigeni, kwanza, tena anza zaidi ya mwaka mmoja kabla, maana milango yao hufungwa mapema kuliko ya chuo. Na anza Kijerumani ukiwa nyumbani. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam. Darasani utaelewa kila kitu kwa Kiingereza, lakini ramani za migodi ya kale, kumbukumbu za maofisa na wazee waliofanya kazi chini ya ardhi hawatakusubiri ujifunze.

Freiberg madini ya fedha yaligunduliwa mwaka 1168. Uchimbaji ulisimama mwaka 1913, ukafufuliwa kwa ajili ya risasi na zinki, ukafungwa kabisa mwaka 1969. Chuo kina mgodi wake wa kufundishia, Reiche Zeche, chini ya mji huohuo. Wiki za mwanzo tulishushwa kwa lifti takriban mita 150. Nilikuwa nimeshashuka chini mara nyingi kazini, lakini siku zote kwenye mgodi unaofanya kazi, wenye feni, kelele na watu. Kule kulikuwa na maji tu, yanatiririka kwenye mfereji miguuni petu. Mhadhiri akauliza: maji haya yanakwenda wapi? Tulikuwa watu wenye shahada na uzoefu kutoka mabara mbalimbali, na kila mmoja alitaja pampu.

Hakuna pampu. Kuna handaki linaloitwa Rothschönberger Stolln, lililochimbwa kuanzia mwaka 1844 hadi 1877, lenye urefu wa takriban kilomita 50 pamoja na matawi yake. Maji ya migodi ya eneo zima hushuka humo kwa mteremko wake yenyewe, yakatokea mto Triebisch na kuishia mto Elbe. Mpaka leo yanatoka na zinki na kadmiamu. Waliochimba fedha ile wamezikwa zamani, kampuni zao hazipo, na handaki bado linahitaji kukaguliwa na kukarabatiwa, kwa sababu likiziba, maji yatapanda na kutafuta njia yao wenyewe. Siku ile nilipata jibu la kwanza la swali langu. Miaka ya kuangalia maji huamuliwa na jiwe na maji yenyewe. Matakwa ya mjaza jedwali hayana nafasi hapo.

Kemia yake ni rahisi, na ningependa ifundishwe mwaka wa kwanza. Miamba mingi yenye dhahabu, shaba au makaa ya mawe ina pairiti, madini ya chuma na salfa. Ikiwa chini, mbali na hewa, imetulia. Ukiivunja na kuirundika juu, oksijeni na maji ya mvua huigeuza, ikatoa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo ikishuka kwenye mawe huyeyusha metali zilizomo: chuma, zinki, shaba, wakati mwingine aseniki. Mchakato huo ukishaanza ni vigumu sana kuuzima. Kwa hiyo kazi ya kufunga mgodi huanza siku unayoamua jiwe gani la taka limwagwe wapi. Lenye pairiti lifunikwe mapema kwa udongo wa mfinyanzi au liwekwe chini ya maji, na lenye chokaa liwekwe karibu nalo. Kupima mawe kabla ya kuyamwaga ni gharama ya maabara. Kuyatibu maji baadaye ni gharama ya kituo cha chokaa, umeme, mafundi na walinzi, kizazi hadi kizazi.

Ziara iliyoniumiza ilikuwa ya migodi ya urani. Kati ya mwaka 1946 na 1990 kampuni ya Wismut, iliyoanza mikononi mwa Wasovieti, ilichimba zaidi ya tani 200,000 za urani Saxony na Thuringia. Ujerumani ilipoungana, uchimbaji ulikoma, na tangu mwaka 1991 kazi ya Wismut imekuwa kusafisha, kwa mabilioni ya yuro kutoka hazina ya taifa. Karibu na Ronneburg palikuwa na shimo kubwa la wazi la Lichtenberg. Walilijaza kwa kurudisha ndani yake milima ya mawe ya taka iliyokuwa imelizunguka, na mwaka 2007 eneo hilo likawa sehemu ya maonyesho ya kitaifa ya bustani. Schlema, mji uliokuwa wa chemchemi za tiba kabla ya urani, umerudi kuwa mji wa tiba. Ukitembea bustanini huamini. Halafu wanakupeleka kwenye kituo cha kusafisha maji yanayotoka kwenye mgodi uliojazwa, wanakuonyesha urani na aseniki inayonaswa, na unaelewa kwamba bustani inaonekana nzuri kwa sababu kuna mtu yuko zamu.

Nilifurahi na nilihuzunika kwa wakati mmoja. Nilijiuliza ni nani atakayekuwa zamu kwetu.

Katika yote tuliyosoma, tukio la Nachterstedt ndilo ninalowasimulia wanafunzi kila mwaka. Ni kijiji cha Ujerumani kilichokuwa kando ya shimo la makaa lililokuwa likijazwa maji liwe ziwa la mapumziko. Alfajiri ya tarehe 18 Julai 2009 ukingo ulimeguka ukaingia ziwani pamoja na nyumba, na watu watatu wakafa. Udongo uliorudishwa kwenye machimbo ni legevu. Maji yanapopanda ndani yake na presha ya maji ya chini ya ardhi ikisukuma, unaweza kupoteza nguvu ghafla na kutiririka. Ziwa lilifungwa kwa miaka kumi kabla ya sehemu yake kufunguliwa tena mwaka 2019. Mpango wa ziwa lile ulikuwa mzuri na nia ilikuwa njema. Anayesema "tutaligeuza shimo kuwa ziwa la utalii" aulizwe kwanza hesabu za uimara wa kingo, kwa kila kimo cha maji, tangu maji yanapoanza kupanda hadi yatakapotulia.

Matumizi mapya yaliyonivutia zaidi hayakuwa ya kupendeza macho. Maji ya chini ya ardhi hubaki na joto lilelile kiangazi na kipupwe, kwa hiyo Freiberg wanayatumia maji ya migodi ya kale kupasha joto na kupoza kasri la Freudenstein, lililo katikati ya mji. Heerlen, Uholanzi, tangu mwaka 2008 wamekuwa wakipasha majengo joto kwa maji ya migodi ya makaa iliyofurika. Sisi joto hatulihitaji Nzega, lakini namna yao ya kufikiri tunaihitaji: wao huanza kwa kuuliza shimo lina nini ambacho mahali pengine hapana.

Hapo ndipo nilipoanza kubishana na baadhi ya walimu wangu, na nashukuru walinisikiliza. Kule mashimo ya makaa ya Lusatia, mashariki mwa Ujerumani, yalijazwa kwa maji ya mito Spree, Neiße na Schwarze Elster. Kwetu, kwenye ukanda wa dhahabu wa Tabora na Shinyanga, mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita elfu moja, na jua hukausha maji ya wazi zaidi ya kiasi hicho. Ziwa la shimo katika hali hiyo linaweza lisijae kamwe, na kadiri maji yanavyokauka, chumvi na metali zinabaki na kuongezeka. Mto wa kulijaza hatuna, na kama tungekuwa nao, tusingeutoa kwa shimo wakati vijiji vina kiu. Ukipewa mpango wa kufunga mgodi ulioandikwa Ulaya au Australia, ukurasa wa kwanza kuusoma ni wa mvua na uvukizi. Nimeona mipango yenye takwimu za hali ya hewa za mahali pasipofanana hata kidogo na mgodi unaohusika.

Nilirudi, na sasa nasaidia kufundisha. Tanzania tuna mahali pa kusomea kuliko tunavyofikiri. Nzega kuna Golden Pride, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi nchini, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa mwaka 2014. Majengo yake yalikabidhiwa Chuo cha Madini kwa ajili ya mafunzo. Kahama kuna Buzwagi, uliozalisha kuanzia mwaka 2009 hadi 2021, ambao Serikali imeutangaza kuwa Eneo Maalumu la Kiuchumi, na uwanja wake wa ndege, umeme, barabara na majengo vinatafutiwa kazi mpya. Mwanafunzi anayekwenda Buzwagi asiangalie shimo tu. Azungumze na mama ntilie, mwenye nyumba za kupanga na dereva wa bodaboda wa Kahama kuhusu mwaka ule mishahara ya mgodi ilipokoma. Ufungaji ni pamoja na hayo, na hayamo kwenye programu ya kompyuta.

Lakini mashimo mengi zaidi hayana jina wala dhamana. Ni maduara ya wachimbaji wadogo, yaliyochimbwa kwa mikono, yakaachwa rashi, yaani mbio za watu kufuata dhahabu mpya, ilipohamia kwingine. Matimba yameoza, midomo imefunikwa na nyasi, chini kuna maji au hewa isiyofaa. Juu yake mvua ikinyesha watoto hucheza. Pembeni kuna visusu, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa, vyenye zebaki, na mara nyingine vilisharudiwa kuchenjuliwa kwa sianidi.

Safari moja tulikuwa na wanafunzi kwenye eneo la namna hiyo. Walikuwa wameshapiga picha kwa droni, wametengeneza ramani safi, kila duara lina namba. Mzee mmoja aliyechimba pale enzi zake akaja akatusalimia. Vijana wakaitika, "Shikamoo babu," wakamwonyesha ramani kwenye kishikwambi. Akaitazama kwa heshima, kisha akatazama miguu yao. "Wajukuu zangu," akasema, "sogeeni huku kwanza ndipo tuongee." Walikuwa wamesimama juu ya duara lililofunikwa kwa magogo na udongo miaka mingi iliyopita, na nyasi zimeota juu yake. Droni haikuliona. Mzee yule akachora kwa fimbo ardhini jinsi maduara yalivyokutana chini, lipi liliingia maji, lipi liliua. Damu zilinisisimka, na tangu siku hiyo hatufungui boksi la droni kabla ya kukaa na wazee wa mahali.

Siku hiyohiyo mama mmoja mfugaji alitusikia tukijadili kufukia shimo kubwa lenye maji. Akaniuliza, "Mwalimu, mkilifukia, ng'ombe watakunywa wapi?" Wanafunzi walikuwa wamelichora lile shimo kama hatari, na ni kweli lilikuwa hatari: kingo zimesimama wima na mwaka uliotangulia ndama walizama. Kwake yeye lilikuwa lambo pekee la kiangazi. Nikawapa kazi ya kulichora upya kwa ajili ya mama yule. Walirudi na upande mmoja uliolazwa mteremko wa taratibu, tuta la udongo kuzunguka pande nyingine, ua wa minyaa juu ya tuta, na mbauti ya kunyweshea iliyowekwa mbali na ukingo. Seng'enge waliiacha, kwa sababu wenyeji waliwaambia haitamaliza msimu kabla ya kuuzwa kama chuma chakavu. Minyaa haiibiwi, mifugo haiili, na kila Msukuma anajua kuipanda. Ila mchoro wote ulisubiri jambo moja: majibu ya maabara kama maji yale yanafaa kunywewa na ng'ombe. Bila hayo hatukuruhusu hata tofali moja.

Kuhusu sampuli za maji nitasema kwa kirefu kidogo, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, na uwezo wa maji kupitisha umeme vipimwe palepale shimoni, kwa sababu vinabadilika njiani. Chupa ya kupimia metali zilizoyeyuka ichujiwe maji yake hapohapo na kutiwa tone la asidi ya nitriki, la sivyo metali zitaganda kwenye kuta za chupa na majibu yatatoka mazuri kwa uongo. Chupa ya salfeti isitiwe asidi. Zote zikae kwenye boksi la barafu. Chukueni masika na kiangazi, juu na chini ya ziwa. Sampuli ya msimu mmoja haitoshi kusema maji ni salama. Kama bajeti ni ndogo, pimeni vitu vichache kwa misimu yote kuliko vitu vyote kwa siku moja. Na usiingie duara la kale kwa sababu yoyote ile. Kipimo cha gesi kishushwe kwa kamba. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, ondokeni hata mdomoni mwa duara.

Nilipokuwa Freiberg mwenzangu wa Brazil aliniuliza kuhusu Bamburi, nikaona aibu kwamba nilikuwa nimesoma habari zake kwenye vitabu vyao kabla ya kufika. Niliporudi nilipanda basi hadi Mombasa. Machimbo yale ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalikuwa mwamba mtupu wenye maji ya chumvi chini yake mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo Rene Haller alipoanza kupanda miti. Iliyostahimili zaidi ni mivinje. Majani yake yalilala chini bila kuoza, mpaka alipoleta jongoo, wakayala, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Leo watu wanaingia kwa tiketi kutazama twiga na viboko pale, Haller Park. Nilikaa chini ya mvinje nikahesabu: miaka zaidi ya hamsini, na msingi ni mti unaostawi pwani yetu na jongoo. Kwa mwanafunzi asiye na nauli ya Ulaya, Bamburi ni darasa kamili. Asafiri na daftari, aombe kuzungumza na watunza bustani, aulize miti gani ilikufa na kwa nini.

Ninaloomba vyuo vyetu vibadilishe ni moja: somo la ufungaji lihamie mwanzo, liwe na maabara yake na shimo lake. Mwanafunzi anapochora mgodi wa mradi wa mwaka wa mwisho, atoe mchoro wa siku ya kwanza na wa mwaka wa hamsini baada ya kufungwa, na atetee yote miwili mbele ya watu wawili wasio wahandisi, mmoja akiwa mkulima.

Kama uko mwaka wa tatu na unatafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, usikimbilie migodi inayozalisha peke yake. Andika kwa ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa uulize ni maeneo gani yaliyoachwa yanahitaji kuorodheshwa. Kazi ipo, posho huenda isiwepo, kwa hiyo jipange na nauli na chakula. Beba barua ya chuo kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji na umwone mwenyekiti kabla ya kupima chochote. Nenda na mwenzako, kamwe usiwe peke yako. Na majibu ya maabara yakitoka, usiishie kuyaambatanisha kwenye ripoti ya mhadhiri. Rudi kijijini uyasome kwenye mkutano wa hadhara, kwa Kiswahili, useme maji yapi ni ya kufulia, yapi ni ya mifugo na yapi yasiguswe, na uache nakala kwa mtendaji.